William Morris: Alitaka urembo uwe wa kila mtu, akaishia kuwauzia matajiri

Kama wewe ni wale wa kununua kitabu kwa sababu jalada limekubamba, au kukesha kwenye simu ukilinganisha fonti mbili ambazo wenzako wanaona ni kitu kimoja, kuna jamaa wa Uingereza unafaa kumjua.

William Morris alizaliwa 1834 kule Walthamstow, nje kidogo ya London. Baba yake alikuwa na hisa katika mgodi wa shaba, na Morris alipofika miaka 21 alikuwa akipata karibu pauni 900 kwa mwaka bila kutoa jasho. Alienda Oxford akitarajiwa kuwa kasisi. Huko akakutana na Edward Burne-Jones, wakawa marafiki wa kufa kuzikana, na mpango wa ukasisi ukayeyuka. Akajaribu usanifu wa majengo, akaacha. Akajaribu uchoraji, nao haukukaa.

Halafu akaoa, akajenga nyumba, na alipotaka kuiwekea fanicha akaona madukani kumejaa takataka. Wewe ungelalamika tu. Yeye na marafiki zake walitengeneza vitu vyao wenyewe, na 1861 wakafungua kampuni: fanicha, vioo vya rangi, na baadaye mazulia, vitambaa na karatasi za kubandika ukutani. Alipotaka kujua rangi za zamani zinavyotengenezwa, alitumbukiza mikono kwenye mapipa ya nili akatembea na mikono ya buluu. Ule muundo wake maarufu wa 1883, wa ndege wanaoiba stroberi, ulitokana na ndege waliokuwa wakivamia shamba lake kijijini Kelmscott.

Usimfanye malaika, lakini. Baadhi ya rangi za kijani kwenye karatasi zake za mwanzo zilikuwa na aseniki, sumu ambayo ule mgodi wa familia ulikuja kuizalisha kwa wingi. Morris alikuwa mkurugenzi wa mgodi huo hadi miaka ya 1870. Watu walipolalamika kwamba karatasi za aina hiyo zinawaugonjesha, alipuuza. Na huyu ndiye aliyegeuka msoshalisti 1883, akawa anasimama barabarani akihubiri haki za wafanyakazi.

Vitabu vilimnasa akiwa mzee. Usiku mmoja wa 1888 alihudhuria mhadhara wa Emery Walker, ambapo herufi za vitabu vya kale zilioneshwa ukutani zikiwa zimekuzwa kwa taa. Hapo akashikika. Aliomba apigiwe picha kubwa za herufi zilizochapwa Venice miaka ya 1470, akazichora tena na tena hadi mkono ukaelewa umbo lake, kisha akachora za kwake. Mwaka wa 1891 akafungua Kelmscott Press. Karatasi ilitengenezwa kwa mkono, wino ukaagizwa Ujerumani, mashine zikaendeshwa kwa mkono.

Kitu ninachokipenda zaidi ni hesabu yake ya nafasi nyeupe. Aliona kurasa mbili zinazotazamana ni kitu kimoja. Kwa hivyo pambizo ya ndani iwe ndogo kuliko zote, ya juu izidi kidogo, ya nje izidi tena, na ya chini iwe kubwa kabisa. Fungua kitabu chochote cha bei rahisi ulichookota pale kwa wauzaji wa inama, uone maneno yanavyozama kwenye mshono. Utamwelewa mara moja.

Shida ilikuwa bei. Kitabu chake kikuu, kazi zote za Chaucer zikiwa na picha 87 za Burne-Jones, kilitoka 1896. Nakala 425 za karatasi, 13 za ngozi. Ya karatasi iliuzwa pauni 20, yaani mshahara wa miezi kadhaa wa kibarua. Morris alijua. Aliwalipa mafundi wake vizuri, na kazi ya mkono ikilipwa vizuri haiwezi kuwa rahisi. Hakupata jibu, na sidhani sisi tumelipata, ukitazama bei ya kitu chochote kinachoitwa hendimedi mjini.

Ila hadithi yake ya News from Nowhere, kuhusu Uingereza isiyo na pesa wala mabwenyenye, ilitoka kwanza 1890 katika gazeti la chama lililouzwa peni moja. Baadaye akaichapa kwa mtindo wake wa kifahari. Maneno yale yale, mnunuzi tofauti.

Alifariki Oktoba 3, 1896, miezi michache baada ya kushika nakala ya Chaucer. Jeneza lake lilibebwa kwa mkokoteni wa shamba hadi Kelmscott.

Siku hizi kurasa za kile kitabu ziko mtandaoni bure. Zitafute usiku huu, na uanze kwa kuangalia ile pambizo ya chini.