Aliyeanzisha Ngoma ya Miti

Mwaka huu nimeonelea niwaletee maisha ya Richard St. Barbe Baker. Hapa Mabanga wengi wetu hatumjui, lakini kazi yake ilianzia papa hapa Kenya.

Bwana huyu alizaliwa mwaka wa 1889 huko Hampshire, Uingereza. Alisoma Kanada, akapigana katika Vita Vikuu vya Kwanza, kisha akasomea misitu Cambridge. Mwaka wa 1920 alikuja Kenya kuwa afisa wa misitu wa serikali ya kikoloni. Akakuta vilima vimebaki vipara kwa kufyekwa, na pesa za kupanda miti hazitoshi.

Je, alifanyaje? Hakutoa amri. Aliwaendea wazee wa Kikuyu. Wakamweleza kwamba wao wana ngoma ya kupanda na ya kuvuna, lakini miti, hiyo ni shauri ya Mungu. Basi akaomba ianzishwe ngoma ya miti! Julai 1922, kule Muguga, vijana walicheza, na waliojitolea wakaapa kupanda miti 10 kila mwaka na kuitunza iliyopo. Wakaitwa Watu wa Miti. Chifu Josiah Njonjo alisimama naye bega kwa bega. Mwaka wa 1924 chama hicho kilianzishwa Uingereza pia, kikaenea nchi nyingi. Mzee Baker alizunguka dunia akihimiza watu wapande miti, hadi alipofariki Saskatoon, Kanada, mwaka wa 1982, akiwa na miaka 92.

Sasa turudi kwetu. Mwaka jana miti ya nyuma ya bweni ilikatwa ili kuchoma matofali ya madarasa mapya. Madarasa ni mazuri, sikatai. Lakini saa nane mchana mabati yanawaka moto, kivuli hakuna, vumbi linaingia mpaka kwenye madaftari, na jikoni bado wanataka kuni kila siku. Mti hukatwa, hilo tunajua. Ubaya ni kukata bila kupanda.

Ombi langu ni hili: kila mwanafunzi mpya apewe mche wake, autunze mpaka amalize shule. Bulugamu za kuni zipandwe mbali, karibu na madarasa tupande miparachichi, tupate kivuli na matunda. Maji je? Mabati hayo hayo yawekewe mifereji na tangi, tukinge ya mvua.

Watu wa Miti hawakungoja pesa za serikali. Nasi tuanze mvua ya Machi ikinyesha, majembe si yapo stoo?