William Henry Perkin na Rangi ya Zambarau

Tangu zamani malaria imewasumbua watu wa Nyahanga, Kahama, na wa nchi nyingi duniani. Katika karne ya 19 iliyotegemewa kuitibu ni kwinini, dawa itokayo katika magome ya mkwinini. Dawa hiyo ilikuwa ghali, na wagonjwa wengi walifariki bila kuipata.

William Henry Perkin alizaliwa mjini London, Uingereza, mwaka 1838. Baba yake alikuwa mjenzi. Alipofikia umri wa miaka 15 alianza kujifunza kemia kwa mwalimu August Wilhelm Hofmann. Mwaka 1856, wakati wa likizo ya Pasaka, kijana huyo wa miaka 18 alijaribu kutengeneza kwinini nyumbani kwao. Alitumia anilini, kimiminika kilichopatikana kutokana na lami ya makaa ya mawe.

Kwinini hakuipata. Alipata mashapo meusi tu, lakini hakuyatupa. Alipoyaosha kwa spiriti, aliona rangi nzuri ya zambarau. Alichovya hariri ndani yake, nayo ikashika rangi barabara.

Rangi hiyo ilitokeaje? Wazia watoto sita walioshikana mikono na kufanya duara. Hivyo ndivyo atomu sita za kaboni zinavyoshikana na kufanya pete. Pete yenye haidrojeni peke yake huitwa benzini, na ni vigumu kuibadilisha. Lakini haidrojeni moja ikiondoka, na kundi jingine la atomu likashika mahali pake, tabia ya pete nzima hubadilika. Anilini ina kundi lenye naitrojeni; kwa hiyo hubadilika upesi.

Anilini ya Perkin haikuwa safi. Ilichanganyika na toluidini, ambayo pete yake ina kundi la pili, lenye kaboni moja na haidrojeni tatu. Bila kundi hilo dogo, rangi ile isingalipatikana. Perkin mwenyewe hakujua hayo, kwani Kekulé alieleza umbo la pete mwaka 1865.

Mwaka 1857 Perkin alijenga kiwanda cha rangi huko Greenford, karibu na London, kwa msaada wa baba yake. Alifariki mwaka 1907. Hata leo, pamba ya Shinyanga na Geita ikisha kufumwa kuwa nguo, rangi nyingi zinazotiwa humo hutengenezwa kwa pete kama hizo.

Maswali
1. Perkin alikusudia kutengeneza nini?
2. Kwa nini anilini hubadilika upesi kuliko benzini?
3. Kama Perkin angaliyatupa mashapo yale, tungalikosa nini?