Mzee Kenyatta na Hakimu wa Kaskazini

Marehemu Mzee Jomo Kenyatta sote twamjua kwa usinga wake, kofia yake ya shanga na sauti iliyokuwa ikitikisa uwanja mzima. Vitabu vya shule navyo humpitisha Kapenguria kwa mistari michache tu: alishitakiwa, akafungwa miaka 7, akatoka, akawa Rais. Leo nataka kuzungumza na wasomaji wa ukurasa huu juu ya jambo ambalo huachwa nyuma katika hadithi hiyo, nalo ni rufani yake. Ndani ya rufani ile mna mzozo juu ya mipaka ya mikoa, ambao ukiufuata vizuri utakufikisha Garissa.

Mtu mwenyewe alizaliwa miaka ya 1890 katika nchi ya Wakikuyu, akaitwa Kamau wa Ngengi. Alisoma kwa wamisheni wa Kiskochi huko Thogoto, akabatizwa Johnstone, akafanya kazi ya kusoma mita za maji mjini Nairobi. Mwaka 1928 akawa katibu wa chama cha KCA na mhariri wa gazeti lake la Kikuyu, Muigwithania. Mwaka 1929 akaenda Uingereza kudai ardhi ya watu wake, na baada ya kurudi kwa muda mfupi akaenda tena 1931, akakaa huko miaka 15. Alisomea elimu ya mila za watu kwa Profesa Malinowski, akatoa kitabu chake juu ya Wakikuyu mwaka 1938, akahudhuria mkutano wa Waafrika wa Manchester mwaka 1945. Septemba 1946 alirudi kwa meli, na ardhi ya kwanza ya Kenya aliyoikanyaga ilikuwa hapa petu Mombasa. Mwaka uliofuata akawa rais wa chama cha KAU.

Usiku wa 20 Oktoba 1952 serikali ya Gavana Evelyn Baring ilitangaza hali ya hatari, na alfajiri haikuingia ila Kenyatta alikuwa mikononi mwa polisi. Akapelekwa kwa ndege hata Lokitaung, nchi ya Waturkana, pembe ya mwisho kabisa ya kaskazini. Wenzake walioshitakiwa pamoja naye walikuwa Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng' Oneko na Kung'u Karumba. Shitaka lilikuwa kuendesha Mau Mau.

Hapa ndipo serikali ilipoanza kuichezea sheria. Kesi haikutakiwa Nairobi, ambako watu wangejaa barabarani. Ilitakiwa pahali pa mbali, napo pakachaguliwa Kapenguria, katika wilaya iliyofungwa, ambayo mtu haingii ila kwa pasi. Lakini sheria yataka mshitakiwa ahukumiwe pale alipotenda kosa au pale alipokamatwa, na hawa hawakutenda lolote Kapenguria wala hawakukamatwa huko. Dawa iliyopatikana ilikuwa rahisi mno. Wafungwa walichukuliwa hata Kapenguria, wakaachiliwa, na papo hapo wakakamatwa tena. Kwa hila hiyo Kapenguria ikawa ndipo mahali walipokamatwa! Mimi nimewahi kuwasikia mawakili wakiitaja hila hii kwa kicheko, lakini siku ile yule aliyefunguliwa pingu na kufungwa tena hakuona la kuchekesha.

Hakimu alikuwa Ransley Thacker, jaji mstaafu aliyerudishwa kazini kwa kesi hiyo. Alikaa peke yake, bila ya baraza la wazee wa mahakama. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba Gavana alimlipa pauni 20,000 kwa siri, fedha ambazo siku hizo zilimtosha mtu kuishi raha mustarehe umri wake uliobaki. Kesi ilisikizwa katika chumba cha shule. Mawakili walilazimika kulala Kitale, mwendo wa kilomita 40 hivi, na kwenda na kurudi kila siku. Kiongozi wao alikuwa D.N. Pritt wa London, na pamoja naye walikuwapo Chaman Lall kutoka Bara Hindi, H.O. Davies wa Nigeria, Dudley Thompson wa Jamaica, na vijana wa Nairobi kama Fitz de Souza, Achhroo Kapila na Jaswant Singh. Pritt alipopeleka simu ya maandishi kwa wabunge wa London kulalamika kwamba haki yanyimwa mlango, yeye mwenyewe akashitakiwa kwa kuidharau mahakama, akaenda Nairobi kujitetea, akashinda, kisha akarudi Kapenguria kuendelea na kazi.

Shahidi mkubwa wa serikali alikuwa Rawson Macharia. Alisema kwamba Machi 1950 alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo. Mashahidi kadhaa wa utetezi walikuja kumkanusha. Hakimu akamwamini Macharia, wale wengine akawaona waongo wote. Tarehe 8 Aprili 1953 akatoa hukumu: miaka 7 kwa kazi ngumu, na baada ya kifungo, kuzuiwa kukaa pahali ambapo serikali itapenda.

Sasa tuje kwenye rufani.

Pritt na wenzake walikuwa na hoja nyingi, lakini moja ilikuwa ya ajabu kwa udogo wake. Thacker, katika tangazo la serikali la kumteua, alikuwa amewekwa kuwa hakimu wa Mkoa wa Kaskazini. Kapenguria haikuwa katika Mkoa wa Kaskazini. Ilikuwa katika Mkoa wa Bonde la Ufa. Mkoa wa Kaskazini ndio ule wa Garissa, Wajir, Mandera, Marsabit na Isiolo. Kwa ufupi, Thacker angeweza kumhukumu mchunga ngamia wa Garissa. Mtu aliyesimamishwa mbele yake Kapenguria hakuwa na mamlaka naye. Julai 1953 Mahakama ya Juu ya Kenya ikaikubali hoja hiyo, ikaifuta hukumu, ikaamuru kesi irudiwe upya.

Furaha yao haikudumu. Serikali ikapanda hadi Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, na mahakama hiyo ikautengua uamuzi ule. Rufani ikarudi kusikizwa kwa hoja zilizobaki, na Januari 1954 ikatupwa kwa watano. Achieng' Oneko peke yake ndiye aliyeonekana hana hatia. Mtu aliyeshinda rufani aenda kwake, sivyo? Oneko hakwenda kwake. Aliwekwa kizuizini kwa amri ya serikali, na sehemu ya kizuizi chake aliila kisiwani Manda, ng'ambo tu ya mji wa Lamu. Walipokata shauri kwenda kwa Baraza la Faragha la Malkia huko London, ambalo lilikuwa ndiyo mahakama ya mwisho ya makoloni, mwaka huo huo wa 1954, hawakupewa hata ruhusa ya kusikizwa.

Sisi tuliosoma chuoni tunaijua sura ya Nabii Yusuf. Mfalme alipotuma mjumbe kumtoa gerezani, Yusuf hakukimbilia mlango. Alitaka kwanza lile jambo la wanawake waliojikata mikono lichunguzwe, mpaka ukweli udhihirike. Mtu asiyewahi kufungwa kwa uwongo huenda asielewe kwa nini. Kutoka ni kitu kimoja na kutakaswa ni kitu kingine, na Kenyatta, pamoja na mawakili wake, walikuwa wakitafuta hicho cha pili.

Kilikuja kikiwa kimechelewa, tena nusu. Mwaka 1958 Macharia aliapa kwa maandishi kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uwongo, na kwamba yeye na wengine walihongwa. Alionyesha barua ya serikali iliyomwahidi nauli ya kwenda Uingereza, miaka 2 ya masomo katika chuo cha Exeter, matumizi yake, na kazi serikalini akirudi. Chuoni tulifundishwa kwamba ushahidi wa uwongo ni katika madhambi makubwa, basi nilidhani kwamba mtu akiutubia kesi hufunguliwa tena. La. Aliyeshitakiwa ni Macharia, naye hakushitakiwa kwa kumsingizia Kenyatta, bali kwa kuapa kwamba alimsingizia. Alifungwa miezi 21. Hukumu ya Kapenguria ikakaa pale pale. Kenyatta alimaliza kifungo cha Lokitaung mwaka 1959, akahamishiwa Lodwar, kisha Maralal, akaachwa huru Agosti 1961.

Juni 1963 akawa Waziri Mkuu, na tarehe 12 Desemba bendera ikapanda.

Huko kaskazini mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika. Mwaka 1962 tume ya Waingereza ilikuta kwamba Wasomali walio wengi wa wilaya zile wataka kuungana na Somalia. Ombi lao halikukubaliwa. Wakasusia uchaguzi wa Mei 1963. Juni mwaka huo Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, Daudi Dabaso Wabera, aliuawa kwa risasi. Vita vya shifta vikaanza, na sitaki mtu adhani kwamba shifta walikuwa malaika. Waulizeni Wabajuni wa bara ya Lamu waliokimbia vijiji vyao, wakaacha mashamba na misikiti kuota nyasi. Serikali yoyote ingewajibika kuwalinda watu wake.

Lakini tazama ilivyowalinda. Kabla mwezi wa uhuru haujaisha, hali ya hatari ilitangazwa kaskazini, kwa jina lile lile la mwaka 1952. Mwaka 1966 zikatungwa kanuni za Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya za jirani, nazo wilaya hizo ni Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Naam, Lamu. Mtu aliyeonekana na bunduki bila ya idhini alistahili kunyongwa. Mtu aliweza kushikwa bila ya shitaka, kuhamishwa, kunyang'anywa mifugo. Mkoloni alikuwa na sheria yake ya 1934 ya kuadhibu kabila zima kwa kosa la wachache. Kanuni mpya zilitembea njia ile ile. Watu wa Garissa na Wajir walikusanywa ndani ya manyatta zilizolindwa na askari, na wanyama wao wakafa kwa kukosa malisho.

Katika kanuni hizo mna kimoja ambacho kila nikikisoma hunirudisha Kapenguria. Sheria ya Kenya humtaka hakimu achunguze mtu akifia mikononi mwa polisi au akikutwa amekufa kwa namna ya kutia shaka. Kanuni zilisema kwamba katika maeneo hayo, endapo anayeshukiwa kuua ni askari wa usalama, vifungu hivyo havitatumika. Thacker alikuwa hakimu mbovu, lakini alikuwapo, kulikuwa na Pritt wa kubishana naye, na kulikuwa na ngazi tatu za rufani juu yake. Mjane wa Garissa hakuwa na hata Thacker wake. Kisha mwaka 1970, vita vikiwa vimekwisha tangu mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, Bunge likapitisha sheria ya kinga: kwa mambo yaliyotendwa na maofisa na askari katika mkoa ule na wilaya zile nne, tangu 25 Desemba 1963 hadi 1 Desemba 1967, hakuna kudai fidia mahakamani.

Je, Mzee alisahau? Wapo wasemao kwamba alizungukwa na washauri wabaya. Mimi siioni sababu ya kumpunguzia akili mtu aliyekuwa na akili kama zile. Alijua kizuizi ni nini. Oginga Odinga, aliyesimama katika baraza la kikoloni mwaka 1958 kumtetea wakati wengine wakiogopa hata kumtaja, aliwekwa kizuizini mwaka 1969. Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney walichukuliwa kutoka Bungeni mwaka 1975. Na sisi watu wa tungo hatuwezi kumsahau Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa kwa kijikaratasi cha kuuliza Kenya yaenda wapi. Alihukumiwa miezi 18. Rufani ilikatwa kweli, lakini aliyeikata ni serikali, na miezi 18 ikageuka miaka 3. Tungo alizoziandika kizuizini zilipochapishwa, mwaka 1974 zilipata tuzo ya fasihi iliyoitwa kwa jina la nani? Jomo Kenyatta.

Hayo hayamwondolei yale mengine. Alikuwa mzee wa taifa, na siku ya uhuru machozi ya watu yalikuwa ya kweli. Ila nchi ilimjua mshitakiwa wa Kapenguria kuliko ilivyowajua washitakiwa wake yeye.

Alifia hapa Mombasa, katika Ikulu ya pwani, alfajiri ya 22 Agosti 1978. Kanuni za 1966 hazikufa naye. Zilikuwapo mwaka 1980 nyumba za Garissa zilipochomwa moto, na zilikuwapo Februari 1984 wanaume wa Wajir walipokusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla. Zilifutwa Novemba 1991. Aprili 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipoanza kusikiza watu hadharani, ilianzia Garissa, na wazee walisimama mmoja mmoja wakaeleza mbele ya tume yale ambayo katika miaka ya Mzee hapakuwa na hakimu wa kuyapokea.