Hiram Berdan: Bingwa wa shabaha aliyebaki kwenye ganda la risasi

HIRAM Berdan alizaliwa Septemba 6, 1824 katika jimbo la New York, Marekani. Alikuwa mhandisi, na kabla ya kutimiza miaka 40 alishajulikana kwa mambo mawili: kuvumbua mashine na kulenga shabaha.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, aliunda vikosi viwili vya walenga shabaha upande wa Kaskazini. Aliyetaka kujiunga alipiga risasi 10 kutoka yadi 200, na zote zilitakiwa kuingia ndani ya duara lenye upana wa inchi 10. Askari wake wa sare za kijani waliogopwa. Yeye hakupendwa. Wenzake walimlaumu kwamba alikuwa mwepesi wa kujisifu na mzito wa kwenda mstari wa mbele. Alijiuzulu Januari 1864.

Sifa aliyoikosa vitani aliipata karakanani. Machi 1866 alipewa hataza ya fataki inayoitwa kwa jina lake hadi leo. Kichuguu kidogo cha kugongea fataki kimo ndani ya ganda lenyewe, na moto hupita kwenye matundu ya pembeni. Mwaka huo huo, Mwingereza Edward Boxer alibuni fataki yenye kigongeo chake ndani, na ganda lenye tundu moja katikati.

Tofauti hiyo ndogo iliamua mengi. Anayejaza upya ganda la Boxer husukuma sindano katikati, fataki kuukuu ikatoka. Kisha hulirudisha ganda umbo lake kwenye kalibu na kulipima, kwa sababu shaba hurefuka. La .308 Winchester lisizidi milimita 51.18, likizidi hukatwa na ukingo kulainishwa. Shingo ndefu huibana risasi, presha hupanda, na bunduki yaweza kumjeruhi mwenyewe. Kwa ganda la Berdan, sindano hugonga kichuguu ikavunjika.

Ndiyo maana wajazaji wa Marekani, nchi ya Berdan, hupendelea ganda la Mwingereza, huku lake likienea katika majeshi ya Ulaya. Urusi ilinunua bunduki zake, za kwanza zikitengenezwa na Colt.

Kampuni yake iliidai serikali ya Marekani malipo ya uvumbuzi wake. Mahakama ya Juu iliipa ushindi mwaka 1895. Berdan hakuuona: alifariki Machi 31, 1893.