Dennis Ritchie: Jamaa wa lugha ya C aliyeondoka kimyakimya

UKITUMA pesa kwa simu ukiwa Makutano mjini Meru, au ukitazama video na bando lako la mwisho ukiwa hosteli kule Embu, kuna mtu unayefaidi jasho lake bila kumjua. Simu ya Android iliyo mkononi mwako inaendeshwa na Linux, na kiini cha Linux kimeandikwa kwa lugha ya C. Aliyeitunga C ni Dennis Ritchie.

Alizaliwa Septemba 9, 1941 huko Bronxville, jimbo la New York, Marekani, akalelewa Summit, New Jersey. Babake, Alistair Ritchie, alikuwa mwanasayansi katika maabara za Bell, mali ya kampuni ya simu. Dennis alisomea fizikia Harvard, akahitimu 1963, kisha akaingia hisabati.

Hapo kuna kisa ambacho wengi hawakijui. Tasnifu yake ya uzamifu aliimaliza 1968, lakini hakuwasilisha nakala iliyojalidiwa kama chuo kilivyotaka. Kwa hivyo digrii hakupewa. Hakuhangaika. Alikuwa tayari ameajiriwa Bell mwaka wa 1967, na huko ndiko akili yake ilikokuwa.

Bell walikuwa wakishirikiana na wengine kuunda mfumo mkubwa wa kompyuta ulioitwa Multics. Mradi ukawa mzito, gharama zikapanda, na 1969 Bell wakajitoa. Mwenzake Ritchie, Ken Thompson, alipata kompyuta kuukuu aina ya PDP-7 na kuanza kuandika mfumo mdogo wa kwao. Huo ndio uliokuja kuitwa Unix.

Shida ilikuwa moja: Unix ya mwanzo iliandikwa kwa lugha ya mashine ile ile. Ukibadilisha kompyuta, unaanza upya. Thompson alikuwa na lugha ndogo aliyoiita B, lakini haikutosha. Kati ya 1971 na 1973, Ritchie aliikarabati B, akaongeza aina za data, na ikazaliwa C. Thompson alijaribu kuiandika Unix upya kwa C mwaka wa 1972, akashindwa. Ritchie akaongeza uwezo wa kufunga data mbalimbali katika furushi moja, na 1973 kazi ikakubali. Tangu hapo Unix ikaweza kuhamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine.

Mwaka wa 1978, yeye na Brian Kernighan walitoa kitabu cha kufundisha C. Hakifiki kurasa 300, na hadi leo kuna watu wanaojifunza nacho.

Sasa, hii inahusianaje na tovuti inayofunguka fasta? Chukua mfano wa hoteli ya chakula pale Gakoromone saa saba mchana. Kama kila mteja atapewa mhudumu wake, asimame naye mezani hadi githeri iive, hoteli itajaa wahudumu wasio na kazi. Mwenye akili huajiri mhudumu mmoja mwepesi. Anachukua oda hapa, anaipeleka jikoni, anageukia meza nyingine, na jikoni wakiita, ndipo anarudi kubeba sahani.

Seva nyingi za zamani zilifuata mtindo wa kwanza: kila anayeingia anapewa mchakato wake. Wateja wakizidi, kumbukumbu inaisha na mashine inakwama. Mtindo wa pili ni wa kusubiri matukio. Programu moja inauliza mfumo: nani kati ya hawa wote yuko tayari? Inamhudumia huyo, inaendelea. Unix ya chuo cha Berkeley ilileta njia hiyo 1983 kwa amri iitwayo select. Mwaka wa 1999 mhandisi Dan Kegel aliwatolea wenzake changamoto: seva moja ihudumie wateja 10,000 kwa wakati mmoja. Linux ikapata epoll, ambayo haihitaji kukagua kila meza, inaletewa tu orodha ya meza zilizoita. Igor Sysoev wa Urusi akaandika seva ya nginx kwa C, akaitoa 2004. Leo ni miongoni mwa seva zinazotumika zaidi duniani.

Kwa nini C? Kwa sababu mwandishi ndiye anayepanga kumbukumbu, baiti kwa baiti. Mteja anayesubiri tu hali nafasi kubwa, na hakuna kifagio cha kusimamisha kazi ili kusafisha takataka.

Ila C haibembelezi mtu. Ukiandika nje ya nafasi uliyotenga, haikukatazi. Mnyoo wa Morris uliosambaa kwenye intaneti Novemba 1988 ulitumia mwanya wa aina hiyo hiyo, na kompyuta maelfu zikalemewa. Mpaka leo wahandisi wanapambana na makosa ya namna hiyo. Kasi ya C ina bei yake.

Ritchie na Thompson walipewa Tuzo ya Turing 1983, kisha nishani ya kitaifa ya teknolojia ya Marekani. Mwenyewe alibaki mtu mpole, asiyeoa, aliyejulikana na wenzake kwa herufi tatu tu: dmr. Alistaafu 2007.

Oktoba 12, 2011 alikutwa amefariki nyumbani kwake Berkeley Heights, New Jersey, alikokuwa akiishi peke yake. Alikuwa na umri wa miaka 70. Wiki moja kabla, Steve Jobs alikuwa amefariki na dunia nzima ikaomboleza. Kifo cha Ritchie kilipita karibu kimya, ilhali mifumo ya Mac na iPhone nayo ina mizizi katika Unix.

Kwa mwanafunzi wa kompyuta kule Nchiru au Chuo Kikuu cha Embu, urithi wake haulipiwi. Kikusanyaji cha C kiitwacho GCC ni cha bure, na laptopu kuukuu inatosha. Weka Linux, andika seva ndogo ya epoll inayorudisha kile inachotumiwa, kisha waombe wenzako wote wa hosteli waingie kwa pamoja. Utaona mhudumu mmoja akizunguka meza zote.