Mtume Mtukufu (s.a.w.), Mpatanishi wa Watu

Ndugu msomaji, ugomvi wa mpaka wa shamba si jambo geni kwa wakulima wa Nkunga na sehemu nyingine za Rungwe. Desturi ya Wanyakyusa, aliyoieleza mtaalamu Godfrey Wilson katika maandishi yake ya mwaka 1937, ilikuwa wenye ugomvi kumwendea kwanza jirani mwenye heshima awasikilize, kabla ya kufika kwa chifu. Na tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imeliachia Baraza la Kata kazi ya kusuluhisha tu katika mambo ya ardhi. Suluhu ikishindikana, ndipo shauri hupelekwa kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini je, kupatana maana yake ni mnyonge kukubali kudhulumiwa ili pawe na utulivu? Maisha ya Mtume Mtukufu Muhammad (s.a.w.) yanatupa jibu.

Alizaliwa Makka yapata mwaka 570, katika mji usiokuwa na mahakama wala askari. Haki ya mtu ilikuwa nguvu ya ukoo wake. Alipokuwa kijana wa miaka kama ishirini, mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen aliuza bidhaa kwa mkubwa mmoja wa Makka, naye akakataa kulipa. Mgeni hakuwa na ukoo wa kumtetea. Hapo baadhi ya koo zilikusanyika nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, zikaapa kusimama pamoja na kila aliyedhulumiwa, na mgeni yule akarudishiwa haki yake. Mtume (s.a.w.) alishiriki kiapo hicho, na hata baada ya kupewa utume alikikumbuka kwa fahari.

Alipofikia umri wa miaka 35, Maquraishi waliijenga upya Al-Kaaba, wakagombea heshima ya kuliweka Jiwe Jeusi mahali pake, hata wakakaribia kumwaga damu. Walikubaliana kwamba mtu wa kwanza kuingia ndiye atakayeamua, naye akawa Muhammad Mwaminifu. Alitandaza nguo, akaliweka jiwe katikati, akawaambia wakuu wa koo washike pembe zake na kuinua pamoja. Kisha akalitia mahali pake kwa mkono wake. Hakuna aliyerudi nyumbani na aibu.

Mwaka 622 alihamia Madina, ambako makabila ya Aus na Khazraj yalikuwa yamechoshwa na vita vya miaka mingi. Mapatano yaliyoandikwa huko yalimfanya yeye kuwa marejeo ya kila mzozo.

Siku moja Kaab bin Malik (r.a.) alimdai mwenzake deni msikitini, na sauti zao zikapanda. Mtume (s.a.w.) alifunua pazia la chumba chake, akamwashiria Kaab asamehe nusu. Kaab alipokubali, mdaiwa naye akaamriwa ainuke alipe iliyobaki. Mwenye haki alilegeza, na mwenye deni hakuachiwa kupiga chenga.

Mara nyingine Zubair (r.a.) na mtu wa Madina waligombea maji ya mfereji wa kumwagilia mitende. Shamba la Zubair lilikuwa juu. Mtume (s.a.w.) alimtaka Zubair amwagilie kidogo, kisha amwachie jirani maji. Yule mtu alikasirika, akamtuhumu kwamba anampendelea binamu yake. Ndipo Mtume (s.a.w.) akaacha suluhu na kutoa hukumu: Zubair ayazuie maji mpaka yafike kwenye kingo za shamba, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa haki yake kamili.

Alifariki Madina mwaka 632. Ndugu wapendwa, katika mambo haya yote alimwomba mwenye haki alegeze kwa hiari, wala hakumlazimisha aliyedhulumiwa anyamaze. Basi anayeketi kupatanisha majirani na aangalie kwanza haki iko wapi, kisha ndipo aombe msamaha. Suluhu inayomnyang'anya mnyonge shamba lake si suluhu, bali ni dhuluma iliyopewa jina zuri.