Dkt. Matthew Lukwiya na wauguzi waliochoka

Mama, huenda umewahi kufika zahanati na mtoto ana homa, ukamkuta muuguzi mkali, au kimya kama hakuoni. Hukustahili hivyo. Lakini hebu soma maisha ya daktari huyu, uone kinachoweza kumpata anayehudumia wagonjwa.

Matthew Lukwiya alizaliwa mwaka 1957 Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alifariki angali mtoto; mama akamlea kwa biashara ndogondogo. Alisoma kwa bidii, na mwaka 1983 akaanza kazi Hospitali ya Lacor, karibu na Gulu. Mwaka 1989 waasi walikuja kuteka watawa wa kike. Alijitoa achukuliwe yeye badala yao, akarudi salama baada ya siku kadhaa.

Oktoba 2000 alikuwa masomoni Kampala alipoitwa haraka: watu wanakufa Lacor, hata wanafunzi wa uuguzi. Alirudi, akashuku Ebola, akatenga wodi kabla majibu ya maabara hayajatoka.

Wauguzi walihudumia huku wakiwazika wenzao. Mwezi Novemba waliochoka na kuogopa walikusanyika, wakataka hospitali ifungwe. Lukwiya alikaa nao saa kadhaa, akawasikiliza, akawaeleza kuwa yeye atabaki, wao wabaki au waondoke. Wengi walirudi wodini.

Siku chache baadaye homa ilimshika. Inaaminika aliambukizwa alfajiri moja, alipoitwa kumsaidia muuguzi mahututi akaingia bila kukinga macho. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na miaka 43. Mlipuko huo uliwapata watu 425 Uganda, 224 walifariki.

Hofu na uchovu wa wauguzi wale havikuwa uvivu. Anayebeba maumivu ya wengine kila siku huweza kukosa usingizi, kukasirika upesi, kulia ovyo, au kutohisi chochote mbele ya mgonjwa. Huo huitwa uchovu wa huruma. Huku Kasulu na Kibondo, tangu kipindupindu cha 2015 hadi UVIKO-19, wauguzi tumeuonja. Mimi mwenyewe nimewahi kulia stoo ya dawa, nikanawa uso, nikamwita mgonjwa anayefuata.

Nawe mama unayemuuguza mtoto, mzee au mume nyumbani, unaweza kuupata. Ukiona dalili hizo:

- Mweleze mtu unayemwamini.
- Omba ndugu au jirani akupokee zamu, ulale.
- Kula, na usiache kunawa mikono wala kujikinga hata ukiwa na haraka. Mwili uliochoka husahau.
- Zikizidi wiki mbili, au ukiwaza kujidhuru, njoo kituo cha afya mara moja. Hatutakucheka.

Na muuguzi akikujibu vibaya, mweleze mganga mfawidhi. Kusema kwako kutakusaidia wewe, na huenda kukamwokoa na yeye pia.